Sauternes: nunua nusu chupa, ipoze vizuri, weka chumvi mezani

Mkulima wa nyanya wa Ilula akiona ukungu wa kijivu kwenye matunda anakimbilia bomba la dawa. Mkulima wa zabibu wa Sauternes, kusini mwa jiji la Bordeaux huko Ufaransa, akiuona anashukuru Mungu, mradi uje kwa wakati wake. Ukungu ni uleule, Botrytis cinerea. Kinachotenganisha hasara ya mmoja na utajiri wa mwingine ni saa chache za jua la mchana.

Hapa tunaupima mvinyo wa Sauternes, ule mtamu unaotokana na zabibu hizo za ukungu, kama bidhaa, kwa mtu atakayeufungulia Mbeya, Iringa, Njombe au Mafinga baada ya kuagiza Dar au kuletewa na mgeni. Hukumu tuitoe mapema: ni mvinyo bora, na nusu chupa yake inastahili hela inayoombwa. Chupa nzima ni ya watu kumi na wawili, usiinunue kwa ajili ya watu wanne. Na wengi wanaoulalamikia kwamba "ni sharubati tu" waliunywa wa moto, kwenye glasi kubwa, pembeni ya keki. Hapo hata sisi tungelalamika.

Bei kwanza, na kwa nini iko juu, maana ndilo swali la kwanza. Sauternes ni eneo dogo la vijiji vitano: Sauternes wenyewe, Barsac, Bommes, Fargues na Preignac. Kando yake unapita mto Ciron, maji yake baridi kwa sababu yanapita chini ya kivuli cha msitu, nao unaingia kwenye mto mkubwa wa Garonne ambao maji yake yana uvuguvugu. Baridi na uvuguvugu vikikutana usiku wa Septemba hadi Novemba, ukungu unapanda na kulala juu ya mashamba hadi saa nne au saa tano asubuhi. Kiswahili kimetuwekea neno moja kwa vitu viwili, na hapa linakaa sawasawa: ukungu wa angani ndio unaoleta ukungu wa kwenye zabibu. Kuvu inatoboa ganda la tunda vitundu visivyoonekana kwa macho. Mchana jua linatoka, maji yanakimbia kupitia vitundu vile, tunda linasinyaa na kugeuka rangi ya kahawia yenye zambarau, juu lina vumbi la kijivu. Ukiliona sokoni Mwanjelwa ungelirusha jalalani. Ndani yake sukari imekolea, ukali wa asidi nao umekolea, na kuna ladha mpya ambazo zabibu nzima haina.

Msomaji wa Tukuyu atauliza: kama ni ukungu, si hata pale Isyonje upo? Upo, tena mwingi. Kinachokosekana ni mchana mkavu. Ukungu ukidumu kutwa na mvua ikafuata, kuvu ileile haikaushi tunda, inalioza. Maji hayatoki, ganda linapasuka, bakteria wa siki wanaingia, na harufu ni ya udongo na siki. Hata Sauternes yenyewe haiko salama. Mvua ya Oktoba ikinyesha wiki nzima, mavuno yamekwenda. Château d'Yquem, shamba linaloongoza eneo hilo, halikutoa mvinyo wake wa jina hilo mwaka 1992 wala 2012, kwa sababu zabibu hazikufikia kiwango.

Halafu kuna uvunaji. Ukungu haushiki shamba zima siku moja. Kwenye kichala kimoja punje nyingine zimesinyaa, nyingine bado mbichi. Kwa hiyo wavunaji wanapita mistari ileile mara tatu, nne, hata sita, wakikata kilichoiva tu, wakati mwingine punje kwa punje. Mashine haiwezi kazi hiyo. Sheria inaruhusu hektolita 25 kwa hekta, sawa na lita kama 1,000 kwa ekari. Yquem kwa kawaida haifiki hektolita 10, yaani chini ya lita 400 kwa ekari, na ndiyo maana watu husema mzabibu mmoja pale unatoa glasi moja. Piga hesabu ya vibarua wa miezi miwili kwa mavuno ya namna hiyo, na bei itaacha kukushangaza.

Utamu wenyewe unabakije humo? Kwa aliyekulia Iringa au Njombe, ulanzi, ile pombe ya mianzi, unaeleza nusu ya jambo. Mtogwa ni mtamu kwa sababu haujachacha. Ukiuacha, hamira inamaliza sukari na unapata mkangafu. Sauternes haukuachwa katika hali ya mtogwa. Umechacha, tena sana, hadi kilevi cha asilimia 13 au 14, ila sukari ilikuwa nyingi mno tangu mwanzo. Hamira inafika mahali inashindwa kuendelea, na mtengenezaji anaisimamisha kabisa kwa kupoza na kutia salfa, kisha mvinyo unalala kwenye mapipa ya mwaloni mwaka mmoja na nusu au zaidi. Inayobaki ni gramu 120 hadi 150 za sukari kwa lita. Soda ya kola ina gramu kama 106. Ndiyo, umesoma sawa: huu una sukari kuliko soda. Lakini ukiwa mzuri haukwami kooni, kwa sababu ile asidi iliyokolea inaukata utamu kama ndimu inavyokata mafuta ya samaki. Sauternes usio na ukali huo ni mbaya, hata lebo iwe na dhahabu kiasi gani.

Sasa lebo. Hapa ndipo hela zinapopotea. Neno lazima liwe Sauternes, lenye "s" mwishoni. "Sauterne" bila "s" ni jina lililotumika Marekani kwa mvinyo mweupe wa bei rahisi usiohusiana na ukungu wala Ufaransa. Tafuta maneno "Appellation Sauternes Contrôlée"; zabibu zikitoka kijiji cha Barsac, mwenye shamba anaweza kuandika Barsac badala yake, na huyo ni ndugu halali, mara nyingi mwepesi kidogo mdomoni. Neno "moelleux" peke yake halitoshi. Maana yake ni mvinyo mweupe wenye utamu, na unaweza kutoka popote. Angalia pia "mis en bouteille au château", kwamba umetiwa chupani shambani kwake. Mwisho, stempu ya kodi ya TRA. Chupa isiyo na stempu imepita njia za panya, na hakuna ajuaye imelala juani siku ngapi mpakani.

Majina je? Mwaka 1855, kwa maonyesho makubwa ya Paris, mashamba ya huko yalipangwa kwa madaraja, na mpangilio huo bado unatumika. Yquem iliwekwa juu peke yake. Chini yake yapo ya daraja la kwanza: Suduiraut, Guiraud, Rieussec, Climens, Coutet, La Tour Blanche na wenzao. Kisha daraja la pili, ambamo utakuta Doisy-Daëne, Doisy-Védrines, Filhot na de Malle. Kwa pesa ya mtu wa kawaida mwenye shughuli ya kawaida, Yquem iachwe kwenye hadithi. Chupa yake nzima huko Ulaya ni yuro mia kadhaa, na tofauti yake na Suduiraut nzuri haionekani kwa mtu anayeonja kwa mara ya kwanza. Kwetu chaguo la kwanza ni nusu chupa ya Coutet au Doisy-Daëne, zote za Barsac, kwa sababu zina ukali mzuri na hazichoshi. Ukipenda mzito wenye mafuta mdomoni, Suduiraut au Rieussec. Mashamba makubwa pia hutoa mvinyo wa pili wa bei nafuu, kama Castelnau de Suduiraut. Huo ni mlango mzuri wa kuingilia. Miaka ya kutafuta: 2001, 2009, 2011 na 2015. Ukikuta 2012, iache dukani.

Safari ya kutoka Dar inaua chupa nyingi kuliko kitu kingine. Hadi Mbeya ni kilomita zaidi ya 800, na joto la Morogoro na Mikumi mchana si la mchezo. Chupa ikiwekwa kwenye buti la basi karibu na injini, mvinyo unatanuka, unasukuma kizibo, unavuja kidogo, na hewa inaingia pale ulipotokea. Beba ndani, miguuni, upande usiopigwa na jua, ukiwa umeizungushia sweta ambalo utalihitaji mwenyewe ukishapanda Kitonga. Basi la usiku ni bora kuliko la asubuhi. Ukiipokea, pitisha kidole chini ya kile kifuniko cha bati shingoni. Kikinata, umevuja. Na kama hukuhisi kitu, sisimizi watakuambia: wakijipanga kwenye shingo ya chupa kabatini, usiiweke akiba, ifungue wiki hiyohiyo. Tazama pia kiwango. Mvinyo wa chini ya miaka kumi na mitano unatakiwa uwe umejaa hadi shingoni. Wa zamani zaidi ukishuka hadi mwanzo wa bega si kosa.

Baada ya hapo, nyanda za juu ni rafiki wa mvinyo kuliko pwani. Nyuzi 12 hadi 15 ndizo zinazofaa kuhifadhia, na chumba cha ndani kisichopata jua Njombe au Mbeya mjini kinakaribia hapo miezi ya baridi bila umeme hata kidogo. Laza chupa ili kizibo kisikauke. Usiiweke juu ya friji. Pale pana joto na mtetemo. Sauternes mzuri unakaa miaka ishirini, thelathini na zaidi. Sukari, asidi na salfa vyote vinaulinda. Rangi inatoka kwenye manjano ya majani makavu, inakwenda kwenye asali ya nyuki wadogo, kisha inakuwa kama chai ya rangi.

Kupoza. Lengo ni nyuzi 9 au 10 kwa mvinyo kijana, 11 au 12 kwa mzee. Nusu chupa iliyokuwa kwenye chumba cha nyuzi 20 inahitaji saa moja na nusu hadi mbili kwenye friji. Julai, chumba kikiwa na nyuzi 14, dakika arobaini zinatosha. Umeme umekatika? Ndoo, nusu barafu nusu maji, dakika kumi na tano. Barafu tupu bila maji haishiki chupa na inachukua muda zaidi. Friza usiitumie, watu husahau. Na barafu ndani ya glasi hapana kabisa, inaukata mvinyo uwe majimaji baada ya dakika tano. Ukiupoza kupita kiasi, chini ya nyuzi 6, harufu inajifunga na unabaki na utamu mtupu. Ukiuacha wa moto, kilevi kinapanda puani na utamu unakuwa mzito. Katika makosa hayo mawili heri la kwanza, maana glasi itapata joto yenyewe mkononi.

Kizibo cha nusu chupa ni cha kawaida, opena ya mhudumu inatosha. Kama mvinyo una zaidi ya miaka ishirini, ingiza skrubu polepole hadi mwisho na uvute bila kutikisa. Kikikatika, chuja kwa kichujio safi cha chai. Chini ya chupa unaweza kukuta chembechembe zinazong'aa kama chumvi ya mawe. Si vioo, wala si sukari iliyoongezwa: ni asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi. Haidhuru, mimina taratibu, ibaki chupani.

Harufu ya kwanza ikiwa ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi, usishtuke. Ni salfa. Sheria ya Ulaya inaruhusu hadi miligramu 400 kwa lita kwenye mvinyo wa aina hii, kwa sababu bila hiyo hamira ingeamkia chupani. Uache wazi dakika ishirini, itapungua sana. Kidokezo cha harufu ya rangi ya kupaka kucha ni cha kawaida kwa zabibu za ukungu. Kikifunika kila kitu, hicho ni kilema. Harufu ya boksi lililolowa maji maana yake kizibo kimeharibika, na hakuna dawa: rudisha dukani. Mapovu kwenye mvinyo ambao hautakiwi kuwa na gesi yanaonyesha umeanza kuchacha upya. Na ukinunua wa miaka mitano ukaukuta kahawia, umepikwa na joto njiani.

Mzima ukoje? Utikise kidogo glasini: unapanda ukutani na kushuka kwa michirizi mizito, mivivu. Puani kuna embe dodo lililokaushwa, ganda la chungwa lililopikwa kwa sukari, asali, nanasi, na nyuma yake kitu kama tangawizi na zafarani. Hicho cha mwisho ndicho saini ya ukungu, na mvinyo mtamu wa kawaida hauna. Mdomoni utamu unaingia kwanza, mpana, wenye mafuta. Hesabu moja, mbili, tatu, na ukali unafika pembeni mwa ulimi, mate yanatoka. Ukishameza, ladha inabaki muda mrefu na inageuka uchungu kidogo wa ganda la chungwa. Huo uchungu ndio unaokufanya utake funda jingine. Ukimeza na kinywa kikabaki kimenata kama umelamba asali, chupa hiyo ni ya daraja la chini au ya mwaka mbovu.

Meza sasa, na hapa tuna neno. Mazoea ya kuupeleka mvinyo mtamu kwenye keki ya harusi yanauua. Kanuni ni moja: chakula kisizidi mvinyo kwa utamu. Kikizidi, mvinyo unageuka mkali na mwembamba kama maji ya ndimu. Chokoleti pia hapana. Wafaransa wanaunywa na jibini la Roquefort lenye ukungu na chumvi, au maini ya bata yaliyonenepeshwa, na sababu ni rahisi: chumvi na mafuta vinatafuta utamu na ukali. Ukishaijua sababu, huhitaji Roquefort. Jibini gumu la Njombe lililokomaa, likatwe vipande vidogo, litolewe friji nusu saa kabla. Korosho zilizokaangwa kwa chumvi. Maini ya kuku wa kienyeji yaliyokaangwa kwa siagi na kitunguu, yasikauke, na pilipili manga kidogo.

Kitimoto cha kuchoma ndicho kinachotushangaza kila mara. Kile chenye ngozi ya kuvunjika na mafuta chini yake, kikinyunyiziwa chumvi, kiko tayari kwa Sauternes kuliko vyakula vingi vya hotelini. Pilipili ya kuwasha iwe pembeni, kidogo. Utamu unaituliza, lakini ikizidi kilevi kinaichochea. Ndimu usikamulie, mvinyo una yake. Parachichi la Rungwe lenye chumvi linakubali pia, ingawa hapo mvinyo wa Barsac ni bora kuliko mzito. Matunda ni mtego. Embe lililoiva sana linaufuta; nanasi lenye ukali linakwenda nao vizuri.

Kipimo kwa mtu mmoja ni mililita 60 hadi 75, kwenye glasi ndogo iliyobana mdomoni, ijae theluthi tu. Nusu chupa ya mililita 375 inatoa glasi tano au sita, ndiyo maana tunasema inatosha. Mililita 75 zina sukari kama gramu 10, vijiko viwili na nusu vya chai, na mwenye kisukari ahesabu hivyo. Kilevi nacho ni karibu mara tatu ya bia ya kawaida kwa ujazo uleule, lakini utamu unakificha. Anayekwenda na pikipiki ajue hilo kabla ya glasi ya tatu.

Kama Sauternes umepatikana kwa bei isiyosemeka, vuka mto. Ng'ambo ya Garonne, Loupiac, Cadillac na Sainte-Croix-du-Mont wanatumia zabibu zilezile, Sémillon na Sauvignon, na ukungu uleule, kwa bei ya chini sana. Monbazillac, karibu na Bergerac, naye yumo. Una nguvu pungufu na hauishi miaka mingi, lakini kwa kitimoto cha Jumamosi hutaona pengo. Mvinyo mtamu wa Dodoma ni kitu kingine: kule ni kukavu na zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, utamu wake hautoki kwenye ukungu, kwa hiyo usiununue ukitegemea ile zafarani na ganda la chungwa. Una kazi zake, na bei yake haina mpinzani.

Ukibaki, rudisha kizibo, simamisha chupa kwenye friji. Mvinyo mkavu, usio na utamu, ungekufa kwa siku tatu. Huu unakaa wiki mbili bila kupoteza kitu cha maana, na siku ya pili au ya tatu mara nyingi ni mzuri kuliko ya kwanza kwa sababu salfa imeshaondoka. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo kwa kalamu. Funika vizuri, maana kitunguu na samaki wa kwenye friji havina adabu.